Datsun 240Z: Gari la Japani lililojengewa jina na Safari

AGHALABU yanapotajwa magari ya kale ya kispoti yanayogombaniwa na matajiri, fikira za wengi huelekea Italia, Uingereza au Ujerumani. Hata hivyo, mojawapo ya magari hayo lilitoka Japani, na sehemu kubwa ya sifa zake ilitokana na vumbi na matope ya Afrika Mashariki.

Gari hilo ni Datsun 240Z, lililoundwa na kampuni ya Nissan na kuzinduliwa mwaka wa 1969. Lilikuwa na viti viwili, boneti ndefu na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita. Nchini Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, bei nafuu mno ikilinganishwa na ya magari ya Ulaya ya aina hiyo.

Lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Wanunuzi wengi wa enzi hiyo walishuku iwapo gari la Japani lingestahimili kazi ngumu. Jibu lilitolewa na mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka wa 1953 na ambayo yalivuka mipaka ya nchi za Afrika Mashariki kwa maelfu ya kilomita. Magari mengi yaliyoanza mashindano hayo hayakufika mwisho.

Mwaka wa 1971, Edgar Herrmann na mwelekezi wake, Hans Schüller, walishinda Safari kwa gari la 240Z. Nafasi ya pili ilitwaliwa na Shekhar Mehta, akiendesha gari la aina iyo hiyo. Mnamo 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alinyakua ubingwa kwa 240Z. Huo ulikuwa wa kwanza kati ya ushindi wake mara tano katika Safari.

Je, mbona gari lililokuwa la bei nafuu likageuka kuwa hazina? Sababu ya kwanza ni historia hiyo. Ya pili ni uchache: bodi yake iliingia kutu kwa urahisi, hivyo mengi yaliangamia. Ya tatu ni uasilia. Wakusanyaji huthamini zaidi gari ambalo bado lina injini, rangi na vipuri lilivyotoka navyo kiwandani. Mnamo Januari 2020, gari moja la 240Z ambalo halikuwa limetumika sana wala kubadilishwa liliuzwa kwa mnada nchini Marekani kwa dola 310,000.

Kwa Wakenya, suala hili si la matajiri wa ng'ambo pekee. Kanuni za nchi kwa kawaida haziruhusu uagizaji wa magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo, kila gari la kale linalokatwakatwa na kuuzwa kama vyuma kuukuu ni vigumu kupatiwa badala. Ilhali tangu mwaka wa 2003, mashindano ya East African Safari Classic yamewavutia madereva kutoka mataifa mbalimbali kuja kuendesha magari ya kale katika barabara zetu.

Aliyerithi gari kuukuu basi asiharakishe kuliuza. Alihifadhi mahali pakavu, atunze kitabu chake cha usajili na picha zake za zamani, na asitupe vipuri asilia hata vikiwa vimeharibika. Usiache mbachao kwa msala upitao.