Jaribio Limefeli au Programu Imefeli? Istilahi za Matokeo katika Ujenzi wa Linux

Makala hii inachunguza matumizi ya kitenzi feli katika kueleza matokeo ya majaribio ya programu, hususan mtu anapoujenga mfumo wa Linux kutokana na msimbo-chanzo, yaani maagizo kama yalivyoandikwa na watunzi wake kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia maneno ayaonayo mtumiaji. Mjenzi huona mengine. Mwongozo wake mashuhuri, Linux From Scratch, ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, unaagiza kwamba majaribio ya Glibc, maktaba inayotegemewa na karibu kila programu ya mfumo, yasirukwe kamwe.

Katika Kiswahili husemwa "mwanafunzi amefeli mtihani". Haisemwi "mtihani umefeli", labda mtihani wenyewe uwe umevurugika. Kwa hiyo tungo "jaribio limefeli", ambayo ni tafsiri sisisi, humwacha mjenzi njia panda: kilichofeli ni programu au ni jaribio?

Suala hili si la wanasarufi peke yao. Lugoba, mkoani Pwani, hupasuliwa mawe na kusagwa kokoto za ujenzi. Mchemraba wa zege ukivunjika chini ya kiwango siku ya 28, mhandisi haamuru jengo libomolewe papo hapo. Huuliza kwanza iwapo mchemraba ulishindiliwa na kutunzwa majini ipasavyo. Ndivyo ilivyo kwa mjenzi wa Linux aliyeko Lugoba hiyohiyo na kompyuta kuukuu. Majaribio ya Glibc yana ukomo wa muda. Mashine ya polepole huupita, na jaribio likaandikwa FAIL ilhali maktaba ni nzima. Dawa yake ni kuongeza thamani ya TIMEOUTFACTOR na kurudia. Jaribio la tst-lchmod nalo linajulikana kufeli ndani ya mazingira yaliyotengwa kwa ujenzi, na mwongozo wenyewe unalitaja. Lakini kufeli kwingi kusikotajwa popote kunadai kusimama, kwani kila programu itakayofuata itawekwa juu ya msingi huo.

DejaGnu, zana inayoendesha majaribio ya kompaila ya GCC, hutofautisha zaidi. FAIL yafaa iwe "programu imefeli jaribio", na XFAIL "imefeli kama ilivyotarajiwa". UNSUPPORTED ni jaribio lisilowezekana katika mazingira yaliyopo. Kwa UNRESOLVED, ambapo jaribio limekatika bila matokeo kubainika, Kiswahili kina kitenzi kilicho tayari: "jaribio limeshindikana". Kiambishi -ikan- hakimtaji mtenda, wala hakiitii programu hatiani. XPASS, yaani "imefaulu kinyume cha matarajio", huenda ikashangiliwa na mjenzi mgeni. Afadhali aichunguze, kwa maana ama kasoro ya zamani imerekebishwa, ama jaribio halipimi tena lililokusudiwa.