Alikula Nini Njiani? Masurufu na Uhakiki Wetu

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana nilihakiki mswada wa hadithi ya mwenzetu mmoja. Shujaa wake, mpagazi wa karne ya 19, anavuka pori kwa siku sita. Nikaisifu sana: eti "safari ya nafsi". Likizo nikamsimulia bibi yangu kule Nzega. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyo kijana alikula nini, mjukuu wangu?" Nikabaki nimeduwaa. Mwandishi hakusema, na mimi mhakiki sikuuliza.

Hebu tupige hesabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Posho ya mtu kwa siku ilikuwa kibaba cha nafaka, karibu robo tatu ya kilo. Kumbe mtu aliyebeba chakula kitupu angeumaliza mzigo wake mwenyewe kwa siku 45 hivi! Na kutoka Bagamoyo hadi Tabora msafara mkubwa ulitumia miezi miwili, mitatu au zaidi. Ndiyo maana misafara ilibeba merikani, kaniki na ushanga, ikanunua chakula kijiji hadi kijiji. Chakula cha kubeba kilikuwa cha kuvukia pori tu, pale pasipo na wa kukuuzia.

Na pori si mchezo. Kabla ya kuingia Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea. Baada ya Ugogo, Mgunda Mkali. Hapo unga peke yake haukutosha, kwa sababu ugali unataka maji, moto na muda. Bibi alinieleza tofauti hii kwa viazi vitamu. Michembe, vile vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, hupikwa kwanza. Matobolwa huchemshwa kabla ya kuanikwa, kwa hiyo unaweza kutafuna huku unatembea. "Anayekufungia matobolwa," alisema, "anajua huko uendako hakuna maji."

Tazama basi jinsi fani na maudhui vinavyoshikana. Mama wa shujaa akimfungia unga, tunatarajia kambi, chungu, na watu wamekaa kuzunguka moto wakisimuliana. Akimfungia matobolwa, tunatarajia haraka, kiu au hatari. Kifurushi tayari kimeshatuambia njia ikoje. Sisi wahakiki tunakiruka, tunakimbilia "dhamira".

Hata methali isemayo "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani" nilikuwa naichukulia kama nasaha ya unyenyekevu tu. Sasa naisoma pia kwa tumbo. Mwenye marobota ya nguo katikati ya pori ni maskini kweli, maana nguo hailiwi. Utajiri wake unarudi siku atakapoona moshi wa kijiji, na hapo bei anapanga mwenye mtama.

Nilimrudia yule mwandishi nikamwomba radhi. Alikasirika kidogo: "Mbona ulisifu?" Kweli, mbona nilisifu? Kwa sababu sijawahi kutembea siku sita. Baadaye alikaa na hadithi yake upya. Siku ya nne kifuko cha shujaa kinabaki na vipande vitatu, na mwenzake hana kitu. Sasa hapo ndipo safari ya nafsi ilipoanza.