Wapemba hujuana kwa vilemba, mie nilikwenda na kanga!

Msomaji wangu, kama una mchumba na hujawahi kukutanishwa na rafiki zake, basi jua bado uko mlangoni, ndani hujaingia. Mama mkwe atakupima kwa upishi na baba mkwe kwa adabu, lakini rafiki wa utotoni ndiye anayejua mwenzio aliwahi kulia lini, kakopa wapi na kamwacha nani. Huyo humpiti kwa manukato na lipstiki.

Wangu mie ni Mpemba. Usicheke! Ni hao hao wa Kariakoo, wenye duka la kila kitu kuanzia sindano hadi godoro, na ukimwomba apunguze bei anakutazama kama umemtukania babu. Tumependana mwaka wa pili sasa. Mwezi Januari akanitamkia neno nililokuwa nalingojea kwa hamu na kwa hofu: "Twende kwetu wikiendi hii. Washikaji wanataka kukuona."

Hapo tumbo likanicheza. Wazee walishasema Wapemba hujuana kwa vilemba. Sasa mtoto wa Temeke mwenye kanga moja na mtandio wa kuazima atajulikana kwa lipi? Tena hao washikaji si watu wa kupiga nao stori tu. Ndio watakaofuatana na wazee kuleta posa kwetu. Wakinikataa, nani atapanda boti?

Tulipanda boti Ijumaa asubuhi, tukapitia Unguja, kisha safari ya Mkoani. Kwa taarifa yako, Pemba si kipande cha bara kilichomeguka juzi. Kati yake na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na maji yake ni buluu ya wino. Bahari ilichafuka kidogo, mifuko ikagawiwa, abiria wa jirani yangu akaitumia vilivyo. Mie nilikaza macho kwenye upeo wa bahari hadi kisiwa kikajitokeza, kijani kibichi, vilima juu ya vilima. Wanaodhani Pemba ni mchanga na minazi tu, waende wakaone.

Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni mikarafuu, migomba na miembe. Harufu ya karafuu inakufuata hadi kwenye nguo. Mwenzangu akanipa historia bila kuombwa: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu Zanzibar. Marehemu babu yake kaacha shamba. Mama yake ndiye anayeliangalia, na mtoto wa kiume ni mmoja tu, ambaye ni huyu wangu. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Nilifikia kwa wifi yangu, yeye akalala kwa mama yake. Ndivyo heshima inavyotaka. Kama ulifikiri wikiendi na mchumba Pemba ni kujifungia hotelini, umepotea njia! Wifi alinipokea kwa mkate wa mofa na pweza wa nazi, akanifunza na lugha. Nyanya kwao ni tungule, viazi ni mbatata, shule ni skuli. Nikasema "nyanya" sokoni, muuzaji akaniuliza, "Dada, watokea bara?" Soko zima likacheka, nami nikacheka nao.

Jioni ndipo nilipoziona sura za washikaji, lakini kwa mbali. Walikuwa barazani, dhumna linapigwa mpaka meza inalia, kahawa chungu inamiminwa kutoka kwenye dele, kashata pembeni. Mwanamke hajichomeki pale. Nilipita na wifi, nikatoa salamu, wakaitika kwa pamoja: "Karibu, shemeji!" Wanne walitabasamu. Wa tano, mvuvi mrefu mwenye kofia ya kiua, aliitika na macho yake yakabaki kwenye dhumna. Nikajisemea, kazi ninayo.

Jumamosi kukapangwa pikiniki ya kisiwa cha Misali. Tulitokea Wesha kwa boti ya mashine, washikaji watano, wake zao watatu, wifi, mwenzangu na mie, na sufuria la pilau kama tunakwenda harusini. Misali, msomaji, ni bomba! Mchanga mweupe, maji unayaona hadi chini, matumbawe na samaki wa rangi usizoweza kuzitaja. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akataka msala wa kuswalia, ukakosekana, akasema basi kisiwa chenyewe kiwe msala wake. Ndiyo asili ya jina. Kisiwa kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na wavuvi wakafundishwa kwa mafunzo ya dini yao wenyewe kwamba kuvua kwa baruti ni kuharibu amana ya Mungu. Nasikia kwa wengi somo hilo liliingia kuliko amri za serikali.

Baada ya kula zikatolewa karata. Lasti kadi! Hapo nami nikasogea, maana karata Temeke tumezaliwa nazo. Wake za washikaji wakapiga vigelegele kila nilipomlambisha mtu kadi mbili. Wa mwisho kubaki alikuwa nani? Yule mvuvi wa kofia. Nikashusha karata yangu ya mwisho, watu wakaanguka mchangani kwa kicheko. Yeye akakusanya karata taratibu, akazipanga, halafu akaniuliza mbele ya wote:

"Shemeji, wacheza vizuri. Sasa nikuulize la kweli. Mama wa huyu mwenzetu ni mtu mzima na shamba lina mtu mmoja. Siku mumeo akisema narudi Pemba, utakuja, ama utamzuia?"

Kimya. Hata mawimbi nahisi yalisimama. Mwenzangu alitaka kunisaidia, mwenzake akamshika goti. Ningeweza kujibu lile jibu tamu, "nitakuja hata kesho," nikapigiwa makofi. Lakini hilo ni neno la kulala nalo miaka arobaini. Nikamwambia: "Shemeji, sijui. Mie nina mama pia, naye yuko peke yake. Ninaloweza kuahidi leo ni kwamba sitamzuia mtu na mama yake, na msimu ujao nitakuja kuchambua karafuu nione kama mikono yangu inaiweza kazi. Baada ya hapo niulize tena."

Hakusema kitu. Alikwenda kwenye moto, akarudi na kichwa cha changu wa kuchoma, akakiweka kwenye sahani yangu. Wifi akanifinya mguu. Baadaye akanieleza kuwa kichwa cha samaki hawakigawi ovyo, na yule jamaa hata mkewe humnyima!

Nikaelewa kwa nini alininunia. Walikua pamoja, na kila mwaka mmoja wao anapanda boti: huyu Unguja, yule Dar, mwingine Muscat. Waliobaki ndio wanaobeba majeneza ya wazazi wa walioondoka. Nikiwa mie nimemshika rafiki yao huku Kariakoo, mzigo wa mama unamwangukia nani? Haukuwa ubaya, msomaji. Alikuwa anapiga hesabu yake.

Jumapili ikawa fulu shangwe. Tulikwenda kijiji kimoja cha kusini kwenye mchezo wa ng'ombe. Wengi husema ni kumbukumbu ya Wareno, waliotamba mwambao huu karne ya 16 na 17. Lakini usifikirie Hispania, maana Pemba ng'ombe hauawi. Anafungwa kamba, vijana wanamchokoza kwa nguo, akija juu wanaruka kama panzi, ngoma inalia, na wanawake wanaimba kumtia dume jazba na kuwasuta waoga. Baraza ni la wanaume, lakini hapa wanawake ndio wenye uwanja. Wake za washikaji wakanivuta kati yao, mmoja akanifunga kanga yake kiunoni, ya jozi moja na zao. Maneno ya wimbo sikuyajua yote, kiitikio nilikishika. Mwenzangu alipojitia ujasiri akaingia uwanjani, dume likamgeukia, akapanda mwembe mbio mbio! Nilimsuta kwa sauti kuliko wote.

Basi wadogo zangu na wakubwa zangu, haya ndiyo niliyorudi nayo. Ukienda kwa rafiki za mwenzio, usishindane nao kwa miaka waliyonayo, hiyo huwezi kuipata hata kwa mkopo. Tafuta mlango wa upande wako: kama baraza si lako, jiko lipo, karata zipo, wimbo upo. Kaa na wake zao kwanza, maana mume akirudi nyumbani usiku hukumu ya mkewe ndiyo anayolala nayo. Cheka ukichekwa. Na ukiulizwa swali zito, usijibu kwa kutaka kupendwa, utakuja kulilipa siku hao waliokupenda wakikudai.

Na yule anayekununia msome vizuri kabla hujamwita adui. Huenda ndiye anayempenda mwenzio kuliko wengine.

Posa? Tulia, msomaji, usinikimbize. Wazee bado wanazungumza, ila nimesikia yule mvuvi wa kofia ameshauliza nauli ya boti. Mie huku natafuta mkeka wa kuchambulia karafuu. Swali langu bado lina deni la jibu, na msimu hauko mbali.