Rejeta imetoboka: ufundi ni shilingi ngapi?

Gari likichemsha kwenye foleni ya Ubungo, mwenye gari huwa hana nguvu ya kubishana bei, na mafundi wanalijua hilo. Basi kabla boneti haijafunguliwa, ulizia bei ya spea peke yake na ya ufundi peke yake. Ukikubali ile ya "lete laki tatu gari litembee", umeshapigwa.

Ufundi unapimwa kwa saa. Kwenye gari dogo la kawaida, kubadilisha rejeta ni kazi ya saa mbili hivi: kumwaga maji, kuchomoa mipira na plagi za feni, kufungua bolti, kuinyanyua. Rejeta ya 120,000 na ya 300,000 zinafungwa kwa bolti zilezile, kwa hiyo bei ya spea isipandishe ufundi. Muulize fundi kwa siku analaza ngapi. Tuseme 80,000 kwa saa nane: saa mbili ni 20,000. Muongezee ya vifaa na usumbufu, ifike 35,000. Akitaja 100,000, akuonyeshe kazi ya ziada iko wapi.

Wakati mwingine ipo kweli. Kuna magari ambayo rejeta haitoki mpaka bampa la mbele lifunguliwe. Gari nyingi za otomatiki zina mabomba ya mafuta ya gia yaliyoungwa kwenye rejeta. Yakifunguliwa mafuta humwagika na lazima uongeze ya aina yake. Hiyo lipa. Gesi ya AC ndiyo ya kuhoji, maana kwenye magari mengi kondensa husogezwa tu bila kugusa mabomba yake.

Sasa, ununue ipi? Kuziba kwa gundi ni kwa ajili ya kufika nyumbani. Rejeta za zamani za shaba zilichomelewa zikadumu. Hizi za alumini zenye vichwa vya plastiki, plastiki ikishapasuka, usizipotezee hela.

Rejeta ya mtumba kutoka maduka ya Gerezani inafaa kwa mfuko mwembamba, ila ikivuja unalipa ufundi mara mbili. Ijaribiwe palepale dukani: matundu yazibwe, ipulizwe upepo, izamishwe kwenye pipa la maji. Angalia hasa pale plastiki inapobanwa na alumini. Povu dogo tu likitoka hapo, irudishe.

Mpya ya kopi ipime unene ukiiweka kando ya ile ya zamani. Nyembamba haipoozi vizuri mlimani wala kwenye foleni. Kama hela inafika, mimi ningechukua mpya yenye unene uleule, risiti ikiwa imeandikwa muda wa kuirudisha. Uliza pia ikirudishwa, ufundi wa mara ya pili analipa nani. Wauzaji wengi hapo hunyamaza.

Weka akiba ya kulanti, kifuniko na klipu. Mipira ikiwa imevimba au imelainika, ibadilishe siku hiyohiyo, kwani tayari imefunguliwa na ufundi hauongezeki. Badala ya kulanti usijaze maji ya bomba: yanakula alumini na kuacha magamba. Fundi akitaka kutupa themostati "gari lipoe zaidi", mkatalie.

Ufundi wote usiutoe mapema. Injini ipate moto, feni iwake na kuzima, hewa iishe kwenye mfumo, chini pawe pakavu. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko: maji yakiwa palepale, mmalizie chake.