Muhula Unapofungwa: Jinsi ya Kuisoma Ripoti ya Mtoto na Kuipokea Likizo



Katika majuma haya ya Majilio shule zetu za msingi zinafunga muhula wa pili. Katika mitaa ya Usagara, Chumbageni na Ngamiani tunawaona watoto wakirejea nyumbani mapema, sare zikiwa zimechakaa kwa mwaka mzima, na mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ni ripoti ya maendeleo. Katika baadhi ya nyumba hupokewa kwa vigelegele, katika nyingine kwa fimbo, na katika nyumba nyingi zaidi ya tunavyodhani haisomwi kabisa: huwekwa juu ya kabati, ikasahauliwa hadi Januari.

Mama mmoja wa jumuiya zetu alitujia baada ya Misa ya asubuhi akiwa na karatasi ya namna hiyo. Kijana wake alisimama nyuma yake akitazama chini, na ilikuwa dhahiri kwamba amekwisha kuchapwa. "Padre," alisema mama yule, "mtoto huyu ameniaibisha. Mwezi wa sita alikuwa wa 58, leo amekuwa wa 71." Tuliketi pamoja kwenye benchi la nje tukaisoma ripoti mstari kwa mstari, jambo ambalo yeye hakuwa amelifanya. Alikuwa ameangalia tarakimu moja tu, ile ya nafasi darasani.

Hisabati, mwezi wa sita, kijana alipata 14 kati ya 50. Sasa alikuwa na 27. Kiswahili kilitoka 33 kikafika 36, Sayansi na Teknolojia 22 ikawa 25, Maarifa ya Jamii 24 ikawa 27, Uraia na Maadili 26 ikawa 30. Kiingereza peke yake kilishuka, kutoka 12 hadi 11. Jumla yake katika masomo sita ilikuwa 131 kati ya 300, na sasa ni 156. Mtoto aliyechapwa kwa kushuka alikuwa amepanda kwa alama 25.

Hapa ndipo penye kosa linalotendwa na wazazi wengi wenye nia njema. Nafasi darasani haimwelezi mtoto wako. Inaeleza watoto wa wenzako. Mtihani ukiwa mwepesi, wote hupanda, na aliyepanda kidogo hurudi nyuma katika foleni ijapokuwa amesonga mbele katika kujua. Darasa likipokea wahamiaji kumi wenye uwezo, mtoto wako anaweza kushuka nafasi kumi bila kupoteza alama hata moja. Kwa hiyo tunawasihi wazazi waziweke ripoti mbili pamoja, ya Juni na ya Desemba, na kulinganisha somo kwa somo. Ikiwa ripoti ya Juni imepotea, mwalimu wa darasa au mwalimu wa taaluma anazo kumbukumbu.

Madaraja nayo yana maana yake. Katika utaratibu wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa darasa la saba, ambao shule nyingi huufuata pia katika mitihani ya ndani, kila somo lina alama 50: kuanzia 41 ni A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, na chini ya hapo ni E. Kijana yule alikuwa ametoka D ya Hisabati na kuingia C. Lakini Kiingereza chake, kwa alama 11, kimesimama ukingoni mwa E. Hilo ndilo lilistahili mazungumzo ya nyumbani, na halikutajwa.

Kisha tulifika chini ya karatasi, mahali ambapo macho ya wazazi huwa yamechoka. Mahudhurio: amekosa siku 19. Tulimwuliza mama kama kijana aliugua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba siku anazokwenda Sahare alfajiri kununua samaki wa biashara, kijana hubaki na mdogo wake hadi yeye arudi. Hatukuwa na la kumlaumu. Mama huyu anawalisha watoto watatu kwa beseni moja la samaki. Lakini siku 19 ni karibu wiki nne za shule, na hakuna mtoto anayejifunza lugha ya kigeni kwa kukosa wiki nne. Dawa ilikuwa karibu kuliko fimbo: jirani wa jumuiya hiyohiyo alikubali kumpokea mdogo asubuhi zile. Tunalieleza jambo hili kwa idhini ya mama mwenyewe, kwa sababu aliona kuwa wapo wengine.

Waamini wengine hutuuliza kama mambo haya ni ya padre. Watoto wetu wengi husoma katika shule za Serikali, nao hudhani kwamba Kanisa lina la kusema katika shule zake tu. Historia ya nchi yetu inatukumbusha vinginevyo. Shule nyingi zilizoanzishwa na misheni zilitwaliwa na Serikali baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, na tangu hapo mtoto Mkatoliki na jirani yake Mwislamu wameketi dawati moja. Hapa Tanga hilo si geni kabisa, kwa kuwa shule ya serikali iliyofunguliwa mjini humu enzi za Wajerumani, katika miaka ya mwanzo ya 1890, ilipokea watoto Waislamu kwa wingi. (Shule hiyo ndiyo iliyochapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Gazeti la Kanisa lenye jina hilohilo lilikuja miaka mingi baadaye.)

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jambo hili hayategemei jengo ni la nani. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba shule huwasaidia katika wajibu huo. Sheria ya Kanisa katika kanuni ya 796 inawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, na inataka vikao vya wazazi viundwe na kuheshimiwa. Kwa maneno mengine, kikao cha kufunga shule, ambacho wengi hukiona kuwa ni mahali pa kudaiwa michango, ni sehemu ya utume wa mzazi Mkristo. Baba anayekwenda Misa ya Dominika bila kukosa, na hajawahi kumjua mwalimu wa darasa wa mwanawe kwa sura, amebakiza kazi.

Tuseme neno kuhusu michango hiyo, maana manung'uniko ni mengi. Ada katika shule za msingi za Serikali ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne. Hiyo haikumwondolea mzazi sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wake. Uji na makande ya mchana shuleni hutokana na makubaliano ya wazazi wenyewe, na pale ambapo nusu hawatoi, watoto wa waliotoa na wa wasiotoa hukaa na njaa pamoja. Mzazi asiye na uwezo aende kumweleza mwalimu mkuu au kamati ya shule mapema, bila aibu. Vivyo hivyo kwa wenye watoto katika shule za Kanisa zinazolipiwa ada: anayedaiwa aje kuzungumza Desemba, si asubuhi ya siku ya kufungua, mtoto akiwa amesimama getini na begi lake.

Sasa tuje kwenye likizo yenyewe, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi.

Kila Januari walimu huita majina, na kila mwaka yapo majina yasiyoitikiwa. Watoto hawa hawakufeli wala hawakuhama. Waliondoka Desemba kwenda "kumsaidia shangazi" Dar es Salaam, au kuchunga, au kubeba ndoo za samaki ufukweni, au kukata mkonge kwa siku chache za kutafuta nguo ya Krismasi. Siku chache zikawa mwezi. Wasichana wa darasa la tano na la sita ndio wanaotutia hofu kubwa, kwa sababu mwombaji wa binti wa kazi huja na maneno matamu, zawadi kwa mama, na ahadi kwamba binti ataendelea na shule huko huko. Tunawauliza wazazi maswali matatu tu: shule hiyo inaitwaje, uhamisho umeombwa na nani, na nani atakwenda kumwona binti mwezi wa pili? Yasipojibika, binti asipande basi.

Sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mzazi kuhakikisha mtoto aliyeandikishwa anahudhuria hadi amalize elimu ya msingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inakataza kazi ya kinyonyaji kwa mtoto yeyote. Hatusemi kwamba mtoto asifanye kazi nyumbani. Kufagia, kuteka maji, kumsaidia baba shambani ni malezi, na Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya fundi. Tunazungumzia kazi inayomla mtoto na kutwaa shule yake.

Na kwa familia ambazo tayari jambo limetokea, binti aliyepata mimba au kijana aliyetoroka, mlango haujafungwa. Tangu mwaka 2021, kwa Waraka wa Elimu namba 2, wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, wanaruhusiwa kurudi shuleni. Tumekutana na wazazi wasiojua hilo, wakiwa wameketi na binti ndani mwaka mzima kwa aibu. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu. Akihitaji mtu wa kufuatana naye, katekista au mwenyekiti wa jumuiya aende pamoja naye.

Lipo pia jambo la mtaala, ambalo wengi wamelisikia nusu nusu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, ikifuatiwa na miaka minne ya sekondari ya chini, yote kumi ikiwa ni ya lazima. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Fanyeni hesabu: waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 wanafuata utaratibu wa zamani na watamaliza darasa la saba mwaka 2027. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huohuo watamaliza darasa la sita, nao mwaka 2027. Makundi mawili yatatoka shule ya msingi kwa pamoja na kubisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Familia yenye watoto wawili waliofuatana itanunua sare mbili za sekondari kwa mpigo mmoja. Ni afadhali kuanza kuweka akiba sasa, hata kwa kikundi cha kuweka na kukopa cha jumuiya, kuliko kuuza baiskeli ya baba mwaka huo. Na kwa kuwa elimu ya lazima sasa ni miaka kumi, darasa la sita lisihesabiwe kuwa mwisho wa shule kwa mtoto yeyote, awe wa kiume au wa kike.

Katika likizo hii tunaomba mambo machache ya kawaida. Watoto wapumzike na wacheze. Walio karibu na bahari wasiachwe kwenda kuogelea bila mtu mzima. Wapate kitabu, hata cha kuazima, na wasome kwa sauti mbele ya bibi au babu dakika chache kila jioni. Bibi asiyejua kusoma ni msikilizaji mzuri kuliko wote, kwa sababu atauliza maana. Wale wa Utoto Mtakatifu wanayo Sikukuu ya Watoto Mashahidi tarehe 28 Desemba, na tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waitumie siku hiyo kuandika majina ya watoto wote wanaosoma katika eneo lao. Orodha hiyo waichukue tena wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, wapite nyumba kwa nyumba, na mtoto asiyeonekana waulize yuko wapi.

Kijana wa yule mama amekwisha kupata mwalimu wa Kiingereza wa jioni: ni binti wa kidato cha tatu wa kwaya yetu, anayemfundisha bure kwenye ukumbi wa parokia kila Jumanne na Alhamisi. Wamekwisha kuongezeka, sasa ni watoto saba. Wazazi wanaopenda kuwaleta wengine waje saa kumi jioni, na mtoto aje na daftari na ripoti zake zote mbili.