Kabla Kengele ya Kwanza Haijalia

Ndugu wafanyakazi, kila Januari neno moja husikika viwandani na mashambani: "Walimu wanakula likizo tu." Leo tulipime neno hilo kwa mizani tunayoijua sisi wenyewe.

Huku Uganda mwaka wa shule kwa kawaida huanza mwezi Februari. Wiki zinazotangulia ndipo mwalimu anapotengeneza azimio la kazi: mada ipi ifundishwe wiki ya ngapi, kwa vipindi vingapi, kwa vifaa gani, na mwanafunzi atapimwaje. Humo ndimo yanamotoka maandalio ya somo ya kila siku.

Tangu mwaka 2020 kazi hii imeongezeka. Mwaka huo ulianza mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Masomo yalipunguzwa kutoka 43 hadi 21, na Kiswahili kikawa cha lazima katika vidato viwili vya kwanza (jambo ambalo sisi wa ukurasa huu hatuwezi kulinunia). Mtaala haujazoeleka, Machi shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2024.

Badiliko kubwa ni la alama. Zamani mtihani wa mwisho uliamua karibu kila kitu. Sasa una asilimia 80. Asilimia 20 hutokana na kazi za darasani na miradi, ambayo mwalimu mwenyewe huipima na kuiandika. Kwa hiyo kabla shule haijafunguliwa inampasa kupanga kazi hizo na vipimo vyake.

Hebu tupige hesabu. Mwalimu ana madarasa matano, kila moja lina watoto 80. Akitumia dakika tatu kwa kazi moja ya kila mtoto, ni dakika 1,200, yaani saa 20. Mchumaji wa chai hupeleka kikapu kwenye mizani, karani akaandika kilo. Saa hizi 20 haziandikwi na karani yeyote, maana nyingi ni za usiku, nyumbani, chini ya taa. Mshahara wa mwezi ni ule ule.

Nao mshahara wenyewe umewagawa walimu. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wa sekondari wenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wenzao wa historia na lugha wakabaki nyuma. Juni mwaka huo chama cha walimu, UNATU, kikaitisha mgomo. Hatusemi wa sayansi wamezidishiwa. Tunasema daftari la historia nalo lina dakika zake tatu.

Sasa linalotugusa sisi wazazi. Majani yakistawi, wengine wetu huwabakisha watoto nyumbani wasaidie kuchuma. Wengine hurudishwa kwa sababu ya karo. Zamani mtoto aliazima daftari la mwenzake akaponea mtihani. Siku hizi kazi aliyoikosa imo ndani ya zile asilimia 20, na mwalimu mwaminifu hawezi kuandika alama ya kazi ambayo haikufanyika. Hivyo wiki ya kwanza ya muhula nenda shuleni ukamwulize mwalimu: kazi za kupimwa ni lini? Mradi unahitaji vifaa gani, na vyaweza kupatikana bila fedha? Tarehe hizo ziandike ukutani, na siku hizo mtoto asikose shule hata chai ikisimama.

Wawakilishi wa matawi nao wadai ruhusa ya nusu siku yenye malipo kwa wazazi wote, wa kudumu na vibarua, ili wahudhurie mikutano ya shule. Ombi hilo lifike kwa uongozi mapema mwezi Januari, kabla orodha za zamu hazijabandikwa.