Je, Wajua? Mdudu wa Godoroni

Je, wajua kwamba hata ukilala chumba chako mwenyewe, huko peke yako? Ndani ya godoro anaishi utitiri wa vumbi, mdudu mwenye miguu 8, ndugu wa kupe na buibui, ambaye urefu wake haufiki hata nusu milimita! Hana macho, hana mapafu. Anapumua kwa ngozi.

Usihofu, hang'ati wala hanyonyi damu. Chakula chake ni ngozi yako iliyokufa, vile vigamba vinavyopukutika kila ukijigeuza kitandani.

Na maji je? Hanywi! Anayavuta kutoka hewani, na robo tatu ya mwili wake ni maji matupu. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50 na ukabaki hapo, anakauka na kufa. Sasa wewe uliyeko Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako unyevu wa asilimia 70 na zaidi ni jambo la kawaida, unaona anavyostarehe kwako?

Haya, sikia hili. Kinachombana kifua mtoto mwenye pumu hasa ni kinyesi cha mdudu huyu! Kila mmoja hutoa punje kama 20 kwa siku, na huishi miezi 2 hadi 3. Piga hesabu: zaidi ya punje 1,000 kwa mdudu mmoja! Ukikung'uta mto zinapaa, na baada ya nusu saa hivi nyingi zimeshatua. Zinatua wapi? Palepale mtoto anapolaza pua yake.

Kiasi gani ni kingi? Huko Poole, Uingereza, watafiti waliwafuatilia watoto wa familia zenye mzio tangu uchanga hadi miaka 11, wakatoa matokeo mwaka 1990. Waliokuwa na zaidi ya mikrogramu 10 za protini ya kinyesi hicho katika kila gramu ya vumbi la nyumbani walipokuwa na mwaka 1, hatari yao ya kuwa na pumu ilikuwa karibu mara 5 ya wenzao. Mikrogramu 10, ndugu yangu, ni gramu moja uliyoigawa mara laki moja!

Hadithi ninayoipenda kuliko zote inatoka nyanda za juu za Papua New Guinea. Pumu ilikuwa adimu mno vijijini huko. Zikaja blanketi za dukani, watu wakajifunika, na kufikia mwaka 1985 watafiti wakaripoti pumu kwa watu wazima wapatao 7 katika kila 100! Walipozipekua blanketi, walikuta utitiri tele. Na shangaa zaidi: tofauti na kwingine kwingi, watoto wa huko wenye pumu hawakufika hata 1 katika 100.

Wanasayansi wa Leiden, Uholanzi, ndio waliomnasa mdudu huyu mwaka 1964 kuwa ndiye kiini cha mzio wa vumbi la nyumbani. Na Waholanzi hao hao walikuwa na hospitali yao ya pumu huko Davos, Uswisi, mita 1,560 juu ya bahari. Hewa ya huko ni kavu, utitiri hastawi!

Je, ukila kamba midomo inakuwasha? Protini moja ya misuli ya kamba inafanana sana na ya utitiri, na wapo wenye mzio wa mmoja wanaodhurika na wa pili. Baharini na godoroni, wapi na wapi!

Hata unga usiuache wazi. Madaktari wa Caracas, Venezuela, wamewatibu watu waliozidiwa ghafla baada ya kula vyakula vya unga ulioingia utitiri. Moto wa kikaango hauondoi sumu hiyo ya mzio.

Mwanasesere wa manyoya wa mtoto? Mtie kwenye friza kwa saa 24, wadudu wote kwisha, kisha mfue.

Na lile godoro la kikojozi linaloanikwa uani! Huko Sydney, Australia, zulia lilitandazwa kwenye jua kali, na baada ya saa chache tu hakusalia utitiri hata mmoja hai. Lakini godoro ukishalianika, likung'ute vizuri, tena mwenye pumu akiwa mbali, kwa sababu mdudu akifa, kinyesi chake kinabaki mlemle.